Jinsi ya kusoma ngazi nne za muundo wa protini kwa kuzipima

Vitabu vingi vya biolojia hutaja ngazi nne za muundo wa protini, huweka mchoro mmoja wa rangi, kisha huhamia kwenye vimeng'enya. Mwanafunzi anaondoka na majina manne kichwani. Lakini mpe faili la protini halisi, umwombe aoneshe helisi (sehemu iliyojizungusha kama springi) inapoishia au mnyororo upi unagusana na upi, na atakwama. Mwongozo huu unafungua protini mbili kwenye kompyuta na kupima kila ngazi kwa namba. Kanuni ni moja: usiseme umeiona ngazi fulani mpaka uweze kutaja bondi inayoishikilia na kuipima.

Ngazi hizi si hatua ambazo protini huzipitia moja baada ya nyingine inapojikunja. Helisi na kiini cha ndani mara nyingi hujengeka kwa pamoja. Ni mpangilio wa kueleza tu, ambao Kaj Linderstrøm-Lang wa Denmark aliupendekeza mwanzoni mwa miaka ya 1950 ukiwa na ngazi tatu, na J. D. Bernal akauongezea ya nne mwaka 1958.

Vinavyohitajika

Kompyuta ya kawaida, intaneti, na programu ya ChimeraX ya kuchora na kupima molekuli, ambayo ni bure kwa matumizi yasiyo ya kibiashara. Mafaili matatu yatatoka kwenye hazina ya miundo ya protini ya PDB, iliyoanzishwa mwaka 1971: 1UBQ (ubikwitini, protini ndogo ya binadamu), 4HHB (himoglobini isiyobeba oksijeni) na 1HHO (himoglobini iliyobeba oksijeni). Huna haja ya kuyapakua kwa mkono. Andika `open 1ubq` kwenye mstari wa amri na programu italileta faili yenyewe. Kisha andika `delete solvent` kuondoa molekuli za maji zilizoonekana kwenye fuwele ya protini iliyotumika kupima muundo, maana zitakuvuruga macho.

Vipimo vyote hapa chini viko katika angstromu (Å), yaani sehemu moja ya kumi ya nanomita.

Hatua ya 1: Muundo wa kwanza, yaani mfuatano

Andika `sequence chain /A`. Utaona herufi 76:

MQIFVKTLTGKTITLEVEPSDTIENVKAKIQDKEGIPPDQQRLIFAGKQLEDGRTLSDYNIQKESTLHLVLRLRGG

Kila herufi ni asidi amino moja kati ya zile 20 za kawaida. Mfuatano husomwa kuanzia mwisho wenye kundi huru la amino (hapa ni M, methionini) kwenda mwisho wenye kundi huru la kaboksili (G, glisini). Mwelekeo huo haugeuzwi. Ukiusoma kinyume, hiyo ni protini nyingine.

Kinachoshikilia ngazi hii ni bondi ya peptidi, ambayo ni bondi halisi ya kushirikiana elektroni. Pima umbali kati ya kaboni ya asidi amino ya 10 na naitrojeni ya 11:

`distance /A:10@C /A:11@N`

Utapata karibu 1.33. Bondi ya kawaida kati ya kaboni na naitrojeni huwa na urefu wa karibu 1.47, kwa hiyo hii ni fupi, na ufupi wake una maana: ina tabia ya nusu ya bondi maradufu, haizunguki kirahisi, na inalazimisha atomu sita zinazoizunguka kulala kwenye bapa moja. Kwa sababu hiyo umbali kutoka kaboni ya alfa moja (kaboni ya katikati ya asidi amino, inayobeba tawi la pembeni) hadi inayofuata ni karibu 3.8 daima, isipokuwa pale bondi ilipokaa upande usio wa kawaida, jambo linalotokea zaidi mbele ya prolini. Ukipima ukapata 5 au 7, usifikiri umegundua jambo jipya. Kuna asidi amino ambazo hazikuonekana kwenye fuwele na faili limeziruka.

Kwa makadirio ya haraka ya uzito, zidisha idadi ya asidi amino kwa daltoni 110 (daltoni moja ni karibu uzito wa atomu moja ya haidrojeni). Ubikwitini inatoa 8,360, wakati uzito wake halisi ni kama 8,565. Yanatosha kwa kazi nyingi za maabara.

Mtego mkubwa wa ngazi hii ni namba. Hazina ya mifuatano ya UniProt huhesabu kuanzia methionini ya kwanza inayoandikwa na jeni, hata kama seli huikata baadaye. Mnyororo wa beta wa himoglobini una asidi amino 147 kwenye UniProt, lakini 146 kwenye protini iliyokomaa na kwenye faili la 4HHB. Sasa chukua badiliko linaloleta selimundu. Maandishi ya zamani huliita Glu6Val (glutamati ya 6 kuwa valini), mapya huliita Glu7Val, na ni badiliko lilelile. Mfuatano uliokomaa unaanza VHLTPEEK, kwa hiyo nafasi ya 6 na ya 7 zote ni glutamati. Anayechukua jina jipya na kulitafuta kwenye 4HHB atakuta glutamati kwenye nafasi ya 7, ataridhika, na atakuwa amebadilisha isiyohusika bila ishara yoyote ya kosa. Tazama herufi mbili tatu za jirani kila mara kabla hujaiamini namba.

Hatua ya 2: Muundo wa pili

Hapa ndipo watu wengi huangalia utepe na kuuamini. Utepe ni uchoraji wa programu tu. Muundo wa pili ni mtindo wa bondi za haidrojeni kati ya atomu za uti wa mgongo wa mnyororo, yaani kati ya N–H ya asidi amino moja na C=O ya nyingine. Matawi ya pembeni, yaani sehemu inayotofautisha asidi amino moja na nyingine, hayahesabiwi.

Fuwele nyingi hazioneshi atomu za haidrojeni, kwa hiyo tunapima kutoka naitrojeni hadi oksijeni. Umbali wa karibu 2.9 ni bondi nzuri. Ukivuka 3.5, acha kuiita bondi.

Anza na helisi ya alfa, aliyoieleza Linus Pauling na wenzake mwaka 1951. Katika ubikwitini ipo kati ya 23 na 34. Kanuni yake ni kwamba oksijeni ya asidi amino moja hushikana na naitrojeni ya nne mbele yake:

`distance /A:23@O /A:27@N`

Umbali ukiwa karibu 3, unayo helisi ya alfa. Rudia kwa 24 na 28, 25 na 29, na kuendelea. Mzunguko mmoja hutumia asidi amino 3.6 na hupanda 5.4, yaani 1.5 kwa kila asidi amino. Kwa hiyo kutoka kaboni ya alfa ya 23 hadi ya 34 unatarajia 11 × 1.5, karibu 16.5. Jaribu.

Kwa nini helisi inaishia pale? Soma mfuatano baada ya 34: glisini, isoleusini, prolini, prolini. Glisini haina tawi la kuizuia, hivyo mnyororo hugeukia pembe ambazo asidi amino nyingine hazipendi, na huonekana mara kwa mara kwenye ncha za helisi. Prolini tawi lake limerudi kufunga naitrojeni yake yenyewe. Haina N–H ya kutoa bondi, na pete yake hugongana na uti wa mgongo uliotangulia. Prolini inaweza kukaa kwenye mzunguko wa kwanza wa helisi bila shida, lakini katikati huipinda.

Sasa bamba la beta, ambapo nyuzi zilizonyooka hulala ubavu kwa ubavu na kushikana. Ubikwitini inafaa kufundishia kwa sababu ina aina zote mbili kwenye uzi uleule wa kwanza (1–7). Upande mmoja umepakana na uzi wa 10–17 unaokwenda kinyume, na upande mwingine umepakana na uzi wa 66–72 unaokwenda uelekeo mmoja nao. Pima jozi hizi:

`distance /A:3@N /A:15@O`
`distance /A:15@N /A:3@O`

Asidi amino ya 3 inampa ya 15, na ya 15 inairudishia ya 3. Wawili hao wanabadilishana bondi mbili kati yao, na hiyo ndiyo sahihi ya nyuzi zinazokwenda kinyume. Sasa pima upande wa pili:

`distance /A:4@N /A:65@O`
`distance /A:67@N /A:4@O`

Asidi amino ya 4 inatoa kwa ya 65 lakini inapokea kutoka ya 67. Hakuna kurudishiana, bali kuna kuruka. Hiyo ni sahihi ya nyuzi sambamba. Ukishaiona tofauti hii kwa namba hutahitaji tena mishale ya rangi kukuambia.

Pima pia urefu kutoka kaboni ya alfa ya 1 hadi ya 7. Ni karibu 19.5, yaani zaidi ya 3.2 kwa kila asidi amino, mara mbili ya helisi. Mnyororo uleule, nafasi tofauti kabisa.

Mipaka ya helisi na nyuzi itatofautiana kidogo kati ya programu moja na nyingine, au kati ya makala na faili. Usibishane na mtu kwa asidi amino moja au mbili. Kanuni ya DSSP ya mwaka 1983, ya kutambua muundo wa pili, hukadiria nishati ya kila bondi ya haidrojeni na kuikubali ikiwa chini ya −0.5 kilokalori kwa moli, na bondi iliyo mpakani huingia au hutoka kwa badiliko dogo tu. Ukitaka zote zipimwe kwa kipimo kimoja, andika `dssp`.

Hatua ya 3: Muundo wa tatu

Muundo wa tatu ni mkunjo mzima wa mnyororo mmoja, nafasi ya kila atomu pamoja na matawi ya pembeni. Nguvu kuu inayouleta ni kwamba matawi yasiyopatana na maji hukusanyika ndani. Andika:

`show :3,5,23,26,30,67,69`
`style stick`

Zote ni isoleusini, valini au leusini. Zungusha uone zinavyokutana katikati, kati ya helisi na bamba. Sasa rudi kwenye namba zenyewe. Kwenye uzi, 3 na 5 ziko ndani, 67 na 69 ziko ndani. Moja inaruka, kwa sababu kwenye uzi wa beta matawi hutazama pande mbili kwa zamu. Kwenye helisi ni 23, 26, 30, nafasi tatu au nne, kwa sababu mzunguko ni 3.6. Hivyo mfuatano wa herufi wenyewe hukudokezea uso upi utazama ndani kabla hujafungua picha yoyote. Zoezi hili moja linafundisha kuliko kurasa kumi za maelezo.

Usiifanye kanuni hiyo kuwa sheria kavu, hata hivyo. Onesha `:8,44,70`, yaani leusini, isoleusini na valini. Hazipendi maji, lakini ziko nje kabisa. Hilo si kosa la faili. Ni kiraka ambacho protini nyingine nyingi hukishika zinapoitambua ubikwitini. Kila unapokuta kiraka cha namna hiyo juu ya uso wa protini, shuku kwamba ni mahali pa kushikana na kitu.

Bondi ya disulfidi kati ya sisteini mbili ni ya ngazi hii pia. Ubikwitini haina sisteini hata moja, na bado imekaza sana, kwa hiyo usidhani kila protini imara inazo. Mahali zilipo, umbali wa salfa hadi salfa ni karibu 2.05. Christian Anfinsen alitumia ribonukliesi A, yenye asidi amino 124 na bondi nne za disulfidi. Aliifungua kwa urea ya 8 M (moli 8 kwa lita) pamoja na kemikali ya kukata disulfidi. Alipoviondoa vyote viwili, protini ilijikunja upya na kufanya kazi. Sisteini nane zinaweza kupangwa jozi kwa njia 7 × 5 × 3 × 1 = 105, lakini protini ikarudi kwenye njia moja sahihi. Mkunjo, basi, umeandikwa ndani ya mfuatano. Alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1972.

Kabla ya kuondoka hapa, andika `color bfactor`. Rangi zitaonesha kipimo B, yaani atomu zinazotikisika au zisizo na uhakika. Mkia wa ubikwitini, kuanzia kama 73, utang'aa peke yake. Usipime bondi mkiani na kuijengea hoja.

Hatua ya 4: Muundo wa nne

Funga kila kitu, kisha:

`open 4hhb`
`delete solvent`
`color bychain`

Minyororo minne: A na C ni alfa, kila mmoja asidi amino 141. B na D ni beta, kila mmoja 146. Hakuna bamba la beta popote, ni helisi tupu, nane kwenye kila mnyororo wa beta na saba kwenye wa alfa. Usichanganye jina la mnyororo na jina la muundo wa pili, maana wanaoanza hukosea hapo mara nyingi: mnyororo wa beta wa himoglobini umejaa helisi za alfa.

Himu nne, yaani pete zenye chuma kinachobeba oksijeni, si ngazi ya muundo. Ni viungo visivyo protini, na faili huviweka kwenye mistari ya HETATM. Chuma hushikwa na histidini ya 87 kwenye alfa na ya 92 kwenye beta.

Minyororo hii haikuunganishwa kwa bondi ya kushirikiana elektroni. Imeshikana kwa nyuso zinazolingana, kwa chaji kinyume na kwa bondi za haidrojeni. Pima eneo lililofunikwa:

`measure buriedarea /A withAtoms2 /B`
`measure buriedarea /A withAtoms2 /D`

Mgusano wa A na B ni mpana kuliko wa A na D. Maana yake himoglobini ni jozi mbili za alfa na beta zilizokutana, na ule mgusano mwembamba ndio unaoteleza. Oksijeni inapoingia, jozi moja huzunguka kwa karibu digrii 15 ikilinganishwa na nyingine.

Ili kuuona mzunguko huo utafungua `open 1hho`, na hapo utakutana na mtego unaonasa watu wengi zaidi kuliko yote: minyororo miwili tu. Himoglobini yenye oksijeni haijapoteza nusu yake. Faili lina sehemu ndogo kabisa ya fuwele ambayo ikirudiwa kwa ulinganifu hutoa fuwele nzima, na hapa sehemu hiyo ni nusu ya molekuli. Jenga nyingine (tazama namba ya modeli kwenye orodha, hapa nachukulia ni 2):

`sym #2 assembly 1`

Kosa hutokea pia kwa upande wa pili: faili linaweza kuwa na minyororo mingi iliyojipanga tu kwenye fuwele bila kushikana ndani ya seli. Na mafaili ya NMR (njia ya kupima protini ikiwa kwenye kimiminika, si kwenye fuwele) huwa na modeli kadhaa za molekuli ileile. 1D3Z ni ubikwitini yenye modeli 10, si mkusanyiko wa minyororo 10.

Insulini huleta mabishano kila mara. Ina mnyororo A wa asidi amino 21 na B wa 30, basi ina muundo wa nne? Minyororo hiyo ilikatwa kutoka mnyororo mmoja na imeunganishwa kwa bondi mbili za disulfidi, kwa hiyo wengi huihesabu kama kitengo kimoja. Muundo wa nne wa insulini usio na ubishi ni pale molekuli sita zinapokusanyika kuzunguka zinki.

Kuzitenganisha ngazi maabarani

Urea ya 8 M au guanidini ya 6 M huvunja ngazi ya nne, ya tatu na ya pili, lakini haigusi ya kwanza. Tengeneza urea siku hiyohiyo na usiipashe moto kupita 37°C. Ikikaa hutoa sayaneti, inayobadilisha laisini na kuharibu vipimo vya uzito na chaji.

Jeli ya SDS (sabuni inayofungua protini), sampuli ikichemshwa 95°C kwa dakika 5 pamoja na DTT inayokata disulfidi, huonesha mnyororo mmojammoja. Himoglobini itatokea karibu kilodaltoni 16. Kwenye safu ya kuchuja kwa ukubwa bila SDS unatarajia karibu 64. Ukipata namba iliyo kati ya 32 na 64, usitupe sampuli: himoglobini yenye oksijeni ikizimuliwa sana hujigawa jozi mbilimbili. Ongeza ukolezi, urudie.

Kuvunja ngazi ya kwanza ni kazi nzito: asidi hidrokloriki ya 6 M, 110°C, saa 24. Triptofani huharibika humo, na asparajini na glutamini hugeuka kuwa asidi zake, kwa hiyo usishangae zikikosekana kwenye hesabu.

Ukitumia modeli za AlphaFold

AlphaFold ni programu inayokisia muundo wa protini kutokana na mfuatano wake. Faili lake linafanana na la PDB kwa sura, lakini safu ile ya kipimo B imewekwa alama ya imani ya pLDDT, kutoka 0 hadi 100. Kwenye fuwele namba kubwa ni dalili mbaya. Hapa namba kubwa ni nzuri. Juu ya 90 unaweza kuangalia hata matawi ya pembeni. Kati ya 70 na 90 uti wa mgongo unaaminika. Chini ya 50 mistari inayoelea hewani mara nyingi ni sehemu isiyo na umbo maalumu, kwa hiyo usiipime. Modeli nyingi ni za mnyororo mmoja, hivyo kutoonekana kwa muundo wa nne humo hakuthibitishi kwamba haupo. Mnyororo wa beta wenye badiliko la selimundu ni mfano mzuri: valini moja haibadilishi mkunjo kwa kiasi cha kuonekana, na ukiutazama peke yake utasema hauna tatizo. Tatizo liko nje yake, pale valini hiyo inapoingia kwenye mfuko kati ya fenilalanini ya 85 na leusini ya 88 ya himoglobini jirani isiyo na oksijeni, na molekuli zikaanza kushikana nyuzi.